Asasi zinapopunguza watu, zinabakiza nani?

Tangu Januari 20, 2025, siku Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusitisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ya Marekani, barua za kusitisha ajira zimekuwa zikitembea kwenye ofisi za asasi za kiraia za Afrika Mashariki. Machi 10 mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na ilipofika Julai 1 shirika hilo likakoma kusimamia misaada. Uingereza nayo ilikuwa imeshatangaza, Februari, kwamba itateremsha bajeti yake ya misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Dar es Salaam, Nairobi hata Kampala, habari ikawa moja: mradi umefungwa, gari limerudishwa, watu wamepunguzwa.

Habari hiyo imesomwa kwa namna mbili, na zote mbili zinakosea palepale. Wako wanaofurahia kimyakimya: hawa walizoea semina za hotelini na posho za safari, acha sasa waonje maisha ya wenzao. Na wako wanaoomboleza kana kwamba utetezi wa wanyonge umezikwa siku ileile akaunti ya mradi ilipofungwa. Wote wanahesabu fedha na idadi ya vichwa. Sijaona wengi wakiuliza vichwa hivyo vilikuwa vya nani: aliyeondoka alisomea nini, alikaa meza gani, nani alikuwa anamsikiliza, na aliyebaki anajua kufanya nini.

Msimamo wangu ni huu. Asasi inayotetea ustawi wa jamii huishi kwa mchanganyiko wa taaluma, na ndani ya mchanganyiko huo kuna taaluma unazoweza kuziazima kwa wiki au mwezi, na kuna nyingine haziazimiki. Wakili unaweza kumwazima. Mkaguzi wa hesabu, mtakwimu na mhariri vilevile. Yule anayempokea mjane mlangoni, akamsikiliza kwa lugha yake, akafungua jalada na kulifuatilia kwa miaka mitatu, humwazimi popote. Upunguzaji huu, kwa jinsi miradi yetu ilivyopangwa, unamwondoa yeye kwanza na kuwabakiza wanaoazimika. Hasara kubwa iko hapo, na haionekani kwenye hesabu ya dola zilizopotea.

Tuelewane kwanza kuhusu aina ya asasi ninayoizungumzia. Sizungumzii kituo cha kulelea yatima wala mradi wa kugawa vyandarua, ingawa kazi hizo nazo zina heshima yake. Ninazungumzia asasi ambayo kazi yake ni kubadilisha sheria, kanuni, bajeti au mazoea ya ofisi za umma, ili mtoto, mjane, mzee au mtu mwenye ulemavu apate stahili yake bila kubembeleza. Kazi ya namna hiyo haina shule yake moja. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoanza mwaka 1973, inatoa maofisa ustawi. Vyuo vikuu vinatoa wanasheria. Vyumba vya habari vinalea waandishi. Hakuna chuo kinachomtoa mtu akiwa tayari ameiva kwa kazi hii, na ndiyo maana asasi zilizofanikiwa zilijengwa na watu waliotoka kwingine.

Chukua Under The Same Sun, asasi ya kutetea watu wenye ualbino iliyoanzishwa Canada mwaka 2008 na kufungua ofisi Dar es Salaam wakati mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yalipokuwa yakiitikisa nchi. Mwanzilishi wake, Peter Ash, ni mfanyabiashara aliyewahi kuwa mchungaji, naye mwenyewe ana ualbino. Aliyekuja kuiongoza ofisi ya Tanzania, Vicky Ntetema, alikuwa mwandishi wa BBC. Mwaka 2008 alijifanya mteja, akaingia kwa waganga na kuianika biashara ya viungo vya binadamu, na vitisho vilivyofuata vikamlazimu kujificha kwa muda. Ikponwosa Ero, aliyeshughulikia utetezi wa kimataifa na masuala ya kisheria ya asasi hiyo, ni mwanasheria mzaliwa wa Nigeria mwenye ualbino, na mwaka 2015 akawa Mtaalamu Huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino. Mfanyabiashara, mwandishi, mwanasheria. Kwa kigezo cha vyeti vya ustawi wa jamii, watatu hawa huenda wasingeitwa hata kwenye usaili.

Lakini angalia kila mmoja alileta nini. Mwandishi alileta kitu ambacho mahubiri ya kulaani mauaji yasingekileta, yaani ushahidi kwamba nyuma ya imani kulikuwa na soko, lenye bei na wateja. Mwanasheria aliuhamisha ushahidi huo kutoka kwenye lugha ya huruma akauweka kwenye lugha ya mikataba ya kimataifa, ambayo serikali inalazimika kuijibu. Mfanyabiashara alijua kutafuta fedha na kuzungumza na wenye nazo. Wawili kati ya watatu walikuwa wanajua, kwa ngozi yao wenyewe, kile walichokuwa wakikitetea. Na chini yao kulikuwa na kazi isiyopigwa picha: orodha ya mashambulizi, tukio moja baada ya jingine, nchi moja baada ya nyingine, na watoto waliotafutiwa shule salama huku familia zao zikifuatiliwa. Ondoa orodha hiyo, na hotuba za Geneva zinabaki hotuba tu.

Hili halikuanza na wafadhili wa karne hii. TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilianzishwa mwaka 1987 na waandishi wa habari. Silaha yao ilikuwa ileile waliyokuwa nayo kazini: walijua namna ya kuifanya habari ya kubakwa kwa mtoto itoke kwa mkupuo, vyombo vingi kwa wakati mmoja, hadi mbunge asipate pa kujificha. Wakashirikiana na wanasheria na asasi nyingine za wanawake, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyopandisha adhabu ya ubakaji hadi miaka isiyopungua 30, ikaweka kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka kumi, na kuufanya ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Waandishi peke yao wasingeweza kushindana kwenye vifungu. Wanasheria nao, kama wangebaki na maandiko yao ya kitaalamu, wangesomwa na wanasheria wenzao.

Tunafika sasa kwenye hoja zinazogongana. Ya kwanza ina uzito, nayo inatoka kwa wanataaluma wa ustawi wenyewe. Wanasema asasi hizi zimejaa watu wasiofundishwa maadili ya kumhudumia mtu aliyeumizwa. Mwandishi hutafuta kisa, mwanasheria hutafuta shauri, ofisa miradi hutafuta picha ya kuweka kwenye ripoti. Mtoto aliyebakwa anahojiwa mara nne na watu wanne, kisha uso wake unaishia kwenye kalenda ya asasi. Wana haki ya kulalamika. Ofisa ustawi amefundishwa kutunza siri, kupima hatari ya mtoto kurudi nyumbani, na kujua lini anyamaze. Isitoshe, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa ofisa ustawi wa jamii nafasi rasmi: ndiye anayeiandalia Mahakama ya Watoto taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Asasi isiyo na mtu anayeielewa kazi hiyo kutoka ndani itabaki kubisha hodi kwenye ofisi za halmashauri bila kujua imwombe nani na imwombe nini.

Hoja hii inaishia, hata hivyo, pale inapodai kwamba asasi ya utetezi iendeshwe na maofisa ustawi peke yao. Ofisa ustawi anafundishwa kumsaidia mtu huyu aliye mbele yake, ndani ya sheria iliyopo. Utetezi huanza pale sheria iliyopo inapokuwa yenyewe ndiyo tatizo. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana, isipokuwa kwa idhini kama hiyo ya mahakama, alitakiwa kufikisha 18. Ofisa ustawi wa wilaya angefanya nini? Angezungumza na wazazi, na wazazi wangemwonyesha kwamba sheria iko upande wao. Aliyekwenda Mahakama Kuu alikuwa Rebeca Gyumi, mwanasheria aliyekuwa amefahamika kwa miaka kadhaa kama mtangazaji wa vipindi vya vijana vya shirika la habari la Femina, na mwanzilishi wa asasi ya Msichana Initiative. Julai 2016 Mahakama Kuu ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali. Nani mwingine angeweza kuibeba hoja hiyo mahakamani asubuhi na kuieleza jioni kwa lugha anayoielewa msichana wa kidato cha pili? Taaluma mbili zilikuwa ndani ya mtu mmoja, na hilo si jambo la kubahatika kila siku.

Hoja ya pili inasema hata hao wanasheria na maofisa ustawi si wenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtetezi wa walemavu awe mlemavu, wa wajane awe mjane. Vyama vinavyounda SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vinaongozwa na watu wenye ulemavu, na mtu aliyewahi kusikiliza mjadala kuhusu ngazi za majengo ya umma ukiendeshwa na watu wanaopanda ngazi bila kuwaza ataelewa kwa nini. Ninaikubali hoja hii zaidi ya ile ya kwanza, ila kwa sharti moja. Kulipitia jambo kunampa mtu macho. Hakumpi kalamu ya kuandika kiapo cha mahakama, wala ujuzi wa kusoma kitabu cha bajeti na kuona fungu limehamishiwa wapi. Asasi inayomwajiri mtu kwa sababu ya yaliyompata, kisha isimfundishe kingine chochote, inamtumia kama kielelezo. Atasimamishwa jukwaani kila mwaka asimulie kisa kilekile, na mshahara wake utakuwa wa chini kuliko wa anayemtafsiria.

Kuna kesi inayoonyesha jinsi mambo haya yanavyoshikana na jinsi yanavyoweza kukatika. Wajane wawili walinyang'anywa nyumba na mali na wakwe zao baada ya waume kufariki, kwa mujibu wa kanuni za sheria ya kimila zilizoandikwa mwaka 1963. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, kiliibeba kesi yao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa ilikaa miaka minne, na mwaka 2010 ikatupwa kwa sababu ya tarehe iliyokosewa kwenye amri ya Mahakama Kuu. Tarehe! Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane hao, ikaitaka iwalipe fidia na irekebishe sheria. Kesi kama hii inahitaji wakili makini, karani anayesoma tarehe mara mbili, watu wa nje wanaojua njia ya kufika Geneva, na, juu ya hao wote, mtu mmoja ambaye wajane wale wataendelea kupokea simu yake mwaka wa saba kama walivyoipokea wa kwanza. Mlalamikaji akikata tamaa akahama bila kuaga, wakili anabaki na jalada lisilo na mteja.

Hoja ya tatu ndiyo inayosikika zaidi siku hizi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema: fedha zimekwisha, basi turudi kwenye kujitolea kama zamani, waasisi walifanya haya yote bila mishahara minono, na kazi ya kutetea watu ni ya moyo. Ukiisikia haraka inavutia. Lakini chunguza huko zamani nani alikuwa analipa. Waanzilishi wa TAMWA mwaka 1987 walikuwa na ajira, wakati ambao karibu vyombo vyote vya habari vilikuwa vya serikali au chama: Redio Tanzania, Daily News, Uhuru, Shihata. Walijitolea jioni kwa sababu mchana walikuwa na mshahara. Leo mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja, tena baada ya kudai mara tatu, atajitolea na nini? Na wahariri wake wenyewe wanapunguziwa watu.

Afrika Kusini inalionyesha hili waziwazi zaidi. Black Sash ilianzishwa mwaka 1955 na wanawake Wazungu waliopinga serikali ya kibaguzi kuchezea katiba ili kuwanyima Machotara kura. Baadaye wakafungua ofisi za ushauri, ambako watu weusi waliosumbuliwa na sheria za pasi, zilizowabana wasiishi wala kutembea mijini bila kibali, walikuja kusikilizwa na kusaidiwa. Kwa miongo kadhaa wengi wa wale wanawake walifanya kazi hiyo bila malipo, na kwa ujasiri usiobishiwa. Lakini waliweza kukaa mezani asubuhi nzima kwa sababu uchumi uleule waliokuwa wakiupinga ulikuwa umezipa nyumba zao nafasi hiyo. Ubaguzi ulipoanguka, mwaka 1995 Black Sash ilijigeuza kutoka chama cha wanachama wanaojitolea ikawa asasi yenye wafanyakazi wa kuajiriwa. Waliona mapema kwamba, kama kazi hii inafanywa na mtu mwenye mume mwenye kipato peke yake, watetezi watatoka mitaa ileile daima. Kwetu nako, ukiifuta mishahara, usidhani watakaobaki ni wenye moyo zaidi. Watabaki wenye nyumba za kupangisha.

Kisa cha Black Sash kina sehemu ya pili inayohusu moja kwa moja swali langu la nani aazimwe. Mwaka 2012 wakala wa ruzuku za jamii wa Afrika Kusini, SASSA, ulitoa kazi ya kulipa ruzuku kwa kampuni ya Cash Paymaster Services, kampuni tanzu ya Net1. Muda si mrefu wazee na akina mama wakaanza kuona fedha zao zimekatwa: muda wa maongezi ambao hawakununua, umeme, mikopo, bima. Mmoja mmoja walikuwa walalamikaji wa shilingi mbili tatu ambao hakuna gazeti lingewaandika. Waliokaa kwenye ofisi za ushauri na kuandika makato hayo, mtu kwa mtu, ndio waliolifanya lionekane kuwa mfumo, na kampeni ya kudai ruzuku zisiguswe ikajengwa juu ya kumbukumbu zao. Mkataba ulipokaribia kufikia tamati Machi 31, 2017, huku Mahakama ya Katiba ikiwa imeshautamka mchakato wa zabuni yake kuwa batili na serikali haijajiandaa kuwalipa takriban wanufaika milioni 17, Black Sash ndiyo iliyokwenda mahakamani. Machi 17 Mahakama ya Katiba iliamuru malipo yaendelee chini ya uangalizi wake, na mwaka uliofuata aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii wakati huo, Bathabile Dlamini, akaamriwa kulipa mfukoni mwake asilimia 20 ya gharama za shauri.

Na mawakili? Waliazimwa. Black Sash iliwakilishwa na Kituo cha Masomo ya Sheria Tumizi cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Haikuhitaji kumlipa wakili mwandamizi kila mwezi wa mwaka ili siku moja iingie mahakamani. Ilichohitaji kuwa nacho kila siku ni watu wanaowajua wazee kwa majina na wanaojua kusoma karatasi ya malipo. Ushahidi ulitoka kwao, na ndio uliowapa mawakili neno la kusema.

Rudi sasa kwenye barua za kusitisha ajira. Kwa nini zinamwangukia mtu huyuhuyu? Sababu si roho mbaya ya wakurugenzi. Miradi mingi huwaajiri watu wa wilayani kwa mkataba wa mradi mmoja: msaidizi wa kisheria, mnasihi, mratibu wa kata, mhudumu wa ustawi wa ngazi ya jamii anayefuatilia watoto walio katika mazingira hatarishi. Mradi ukifa, mkataba umekufa nao. Walioko makao makuu mishahara yao imegawanywa kwenye miradi minne au mitano, kila mmoja ukilipa kipande. Mmoja ukianguka, mitatu inawashikilia. Kisha kuna yule anayeandika maandiko ya kuombea fedha, ambaye bodi haiwezi kumwacha kwa sababu ndiye tumaini la mradi unaofuata. Kwa hiyo asasi inasinyaa kuanzia miguuni. Inabaki kichwa kinachozungumza, kikizungumzia watu ambao hakionani nao tena.

Matangazo ya kazi ya asasi zetu, hata kabla ya 2025, yalikuwa yameshaonyesha mwelekeo huu. Shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka mitano wa kusimamia fedha za wafadhili, umahiri wa Kiingereza cha kuandika, ujuzi wa ufuatiliaji na tathmini. Tangazo linalotaka mtu anayezungumza Kisukuma au Kimakonde, aliyewahi kukaa na familia katikati ya mgogoro wa mirathi, anayejua utaratibu wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na anayefahamika kwa mwenyekiti wa kijiji, hulioni mara kwa mara. Na likiwepo, malipo yake ni posho. Mfadhili hakusema tusiwathamini watu hawa. Alichosema ni kwamba anataka ripoti ya robo mwaka, na sisi tukajenga asasi nzima kumzunguka anayeweza kuiandika.

Nisieleweke vibaya kuhusu mhasibu. Kuna mtindo wa kumdhihaki kama askari wa mfadhili, na ni dhihaka ya kizembe. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na kanuni za 2018 zinazotaka fedha zinazozidi Sh20 milioni zitangazwe hadharani na mikataba yake ifikishwe kwa Msajili, zimefanya hesabu kuwa suala la uhai. Kenya nako Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 14, 2024 baada ya zaidi ya muongo mzima wa kusubiri, nayo ina masharti yake. Asasi inayoikosoa serikali huku vitabu vyake vikiwa ovyo imeshampa anayetaka kuifunga sababu nzuri kuliko ambayo angeitunga mwenyewe. Mhasibu lazima awepo. Lakini asasi tatu ndogo za mkoa mmoja zinaweza kuwa na mhasibu mmoja. Haziwezi kuwa na mpokeaji mmoja wa kesi kwa wilaya saba.

Wengine watasema serikali imeshaliziba pengo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imezunguka mikoani ikisikiliza migogoro ya ardhi, ndoa na mirathi. Ni jambo la kupongezwa, na umati unaojitokeza kwenye mahema unathibitisha ukubwa wa uhitaji. Ila kampeni hufika na kuondoka. Mgogoro wa mirathi uliosikilizwa Jumanne chini ya hema utahitaji mtu wa kuusukuma mahakama ya mwanzo mwezi ujao, na mwingine baada ya huo. Maofisa ustawi wa halmashauri ambao wangeupokea ni wachache, upungufu ambao serikali yenyewe imekuwa ikiukiri. Na hata wangekuwa tele, mwajiriwa wa halmashauri hawezi kuishtaki halmashauri yake.

Bodi za asasi zinazopanga bajeti ya hali ngumu zina uchaguzi, ingawa zinajieleza kana kwamba hazina. Zinaweza kumwomba wakili kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika au vitengo vya msaada wa sheria vya vyuo vikuu, kununua siku kumi za mtakwimu badala ya mwaka wake mzima, kuuza gari na kuhama jengo. Zinaweza pia kupunguza mshahara wa mkurugenzi, pendekezo ambalo kwa sababu fulani huwa halifiki kwenye ajenda. Kwa kilichookolewa, ziwape watu wa wilayani mkataba wa kudumu, hata wakiwa wachache, na ziwafundishe kuandika kumbukumbu kwa namna ambayo wakili wa kuazimwa anaweza kuitumia bila kuanza upya. Wafadhili waliobaki nao waulizwe kwa nini fedha zao zinaweza kulipia warsha ya siku mbili lakini haziwezi kulipia mtu wa kukaa Ukerewe miaka mitano.

Kuna pia majalada. Ofisi ya wilaya ikifungwa, kabati lenye maelezo ya mtoto aliyebakwa, jina la mtuhumiwa ambaye ni mjomba wake na ramani ya nyumba yao linakwenda wapi? Mratibu aliyekuwa na ufunguo ameshapewa barua, na makao makuu hayajui hata majalada ni mangapi. Hapa ndipo malalamiko ya maofisa ustawi kuhusu maadili yanarudi kwa nguvu zote, na sijaona bodi ikilizungumza kabla ya kusaini orodha ya wanaoondoka.

Februari 5, 2025, wiki mbili na siku chache baada ya amri ya Trump, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa mwaka 2018 na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria na IHRDA, taasisi ya haki za binadamu na maendeleo barani Afrika yenye makao yake Banjul, Gambia. Mahakama iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwemo haki ya kuishi, na ikaamuru hatua za kuchukuliwa, ukiwemo mfuko wa fidia kwa waathirika. Mawakili wamemaliza sehemu yao, na wameifanya vizuri. Kinachofuata ni kuwatafuta wanaostahili fidia, kijiji kwa kijiji, miaka kadhaa baada ya matukio, kuthibitisha nani ni mama wa nani, na kuwashawishi watu waliozoea kujificha wajitokeze wajiandikishe. Kazi hiyo ni ya mtu wa wilayani, yule ambaye mkataba wake ulikuwa wa mradi.